Zamu ya Jumamosi Asubuhi

Kwetu Tornhult mtu anaweza kukukanyaga mguu akasamehewa. Anaweza hata kumwacha mkewe akahamia kwa jirani wa ghorofa ya juu, na watu wakasema ndiyo maisha. Lakini aibe zamu ya mwenzake ya kufua! Hapo kajiharibia hadi kaburini. Jengo letu lina ngazi moja, nyumba kumi na sita, na chini kabisa, chini ya ardhi, chumba kimoja cha kufulia. Ukutani palikuwa na ubao wa matundu, na kila nyumba ilikuwa na kufuli yake ndogo yenye namba. Ukitaka zamu unachomeka kufuli yako kwenye tundu la siku na saa yako, unafunga, basi. Hata mfalme wa Sweden akija na shuka zake atangoja.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei tulikuwa na siku ya usafi, kama kila mwaka theluji ikiisha. Watu wako uani na reki na mifagio, kuna jiko la soseji, kuna birika kubwa la kahawa. Safari hii kulikuwa na jambo la ziada: ubao wa zamani ulikuwa unang'olewa, unawekwa wa umeme, na kila mtu arudishe kufuli yake. Kazi ya kuzikusanya alipewa Majken Brodin wa ghorofa ya tatu, kwa sababu hakuwepo kwenye mkutano kujitetea. Majken hakuhudhuria mikutano tangu mumewe, Sixten, afungwe.

Basi kasimama pale kwenye meza na bakuli lake. Watu wanapita mmoja mmoja. "Habari, Majken. Jua limetoka." Kufuli inalia bakulini, macho ya mtu yako kwenye reki, huyo kaondoka. Watu wetu si wakatili, tusiwasingizie. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemtukana. Ila kabla ya kutoka nyumbani walikuwa wanasikiliza kwanza mlangoni, na wakimsikia yuko ngazini wanangoja apite. Binti yake, Ylva, ndiye aliyekuwa anageuza soseji siku hiyo. Mama mmoja alimwambia asante, nimeshiba; Ylva alipoenda ndani kufuata haradali, mama yule akajipakulia mbili.

Majken alipomaliza, akachomeka kufuli zote kwenye safu ya chini ya ubao uliolazwa mezani, yenye tundu moja kwa kila nyumba, ili ahakikishe. Tundu moja likabaki wazi.

"Namba kumi na nne haipo," alisema.

"Hiyo ilikuwa ya mzee Algot," alisema Yngve, mwenyekiti wa jengo, mdomo umejaa mkate. "Algot kafa zamani. Achana nayo."

Lakini Majken hakuweza kuachana nayo. Alishika meza kwa mikono miwili. Mahakamani, mwendesha mashtaka alikuwa amenyanyua picha ya ubao ule ule. Jioni ile Valfrid wa kioski alipopigwa chupa ya kichwa na kuibiwa, kufuli iliyokuwa kwenye tundu la zamu ni namba kumi na nne. "Marehemu hafui nguo," alisema mwendesha mashtaka, na watu wakacheka. Maana yake chumba kilikuwa hakina mwenyewe, na Sixten Brodin, aliyekuwa amegombana na Valfrid wiki ile, alijipenyeza humo kufua damu kwenye suruali yake.

Sixten alisema damu ni yake, kajikata akitengeneza pikipiki. Akasema Bi Tyra Kullander wa ghorofa ya pili alikuwa humo chumbani muda wote, na yeye alikuwa anamtengenezea mashine ya kukaushia iliyokwama. Bi Tyra akaapa mbele ya majaji kwamba alikuwa kwake anatazama televisheni. Na kwa kuwa siku ya kwanza kabisa Sixten aliwaambia polisi alikuwa peke yake, akaonekana mwongo anayebadilisha hadithi. Wakampa miaka sita. Lakini kufuli ya marehemu haitembei yenyewe: kama haipo ubaoni, yuko mtu hai aliyenayo.

"Nauliza," Majken alisema, na sauti yake ikasimamisha reki zote. "Nani ana kufuli ya Algot?"

Bi Tyra alikuwa amesimama kando ya jiko na glavu zake za bustani. Huyu ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia tangu enzi na enzi, na ndiye mwandishi wa vibandiko vile vya mlangoni, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, bila jina: ALIYEACHA VUMBI LA NYUZI KWENYE KIKAUSHIO AJIONE! Soseji ikamponyoka mkononi.

"Ya moto," alisema.

Soseji yenyewe alikuwa ameishika muda mrefu, imeshapoa.

*

Alasiri kengele ikalia. Ylva akafungua, na kidogo aufunge tena mlango.

"Mama yako yupo?" aliuliza Bi Tyra.

"Yupo. Baba ndiye hayupo, kama unamtafuta yeye."

Majken akatokea nyuma ya binti yake. Miaka mitatu alikuwa anajiandaa kwa siku atakayokutana uso kwa uso na mwanamke huyu. Kila neno alikuwa nalo tayari, na mengine hayaandikiki. Ila Bi Tyra alikuwa amevaa koti lake la kanisani na viatu vya kwenda mazishini, ili kupanda ghorofa moja tu, na kwenye kiganja chake kulikuwa na kufuli ndogo ya shaba. Majken akaitazama ile namba. Ilikuwa kumi na nne.

"Ingia, Bi Tyra," alisema. "Kahawa iko tayari."

Haikuwa tayari. Ylva akamfuata mama yake jikoni, macho yamemtoka.

"Unampikia kahawa? Huyu?"

"Punguza sauti."

"Mmwagie kichwani!"

"Ylva, sikiliza. Mtu akiketi anaongea. Ukimfukuza anaenda kujifungia, na baba yako anabaki kule kule. Toa vikombe."

"Vile vya wageni?"

"Vile vya wageni."

Bi Tyra aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Kahawa hakuigusa.

"Algot alipofariki hakuwa na mtu," alianza. "Mimi ndiye niliyesafisha nyumba yake. Kufuli nikaichukua, nikasema nitairudisha kwa msimamizi. Na msimamizi ni mimi."

Majken akamsogezea sukari.

"Pensheni yangu haifiki mwisho wa mwezi, Majken. Haijawahi kufika. Wanasema nenda ustawi wa jamii. Niende nikakae pale na kikaratasi cha foleni, mimi? Mwenye saluni hapo kona akataka mtu wa kumfulia mataulo. Nikamfulia. Jioni, kwa zamu ya Algot. Mashine za wote, maji ya wote, natia mfukoni mwangu. Na mimi huyo huyo nikamwandikia Signe, yule binti wa chini mwenye mtoto mchanga, vibandiko vitatu kwa sababu alizidisha robo saa."

"Na Sixten alikukuta."

"Alinikuta nimezungukwa na mataulo ya watu. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akacheka, akasema, 'Bi Tyra, mimi sijaona kitu.' Akatia suruali yake kwenye mashine yangu, akavua koti, akaanza kutengeneza kikaushio. Hakuuliza hata moja."

Majken akafumba macho. Ndiyo maana. Polisi walipomuuliza Sixten siku ya kwanza, hajui hata wanauliza ya nini, akajibu alikuwa peke yake. Alikuwa ametoa neno lake kwa bibi kizee. Mjinga wangu, aliwaza, mjinga wangu mzuri.

"Walipokugongea wewe?" aliuliza.

"Nilidhani ni mambo ya kufuli. Nikasema nilikuwa natazama televisheni."

"Na mahakamani?" aliingilia Ylva, kasimama mlangoni mikono kifuani. "Pale hukudhani ni mambo ya kufuli."

"Hapana, mwanangu. Pale nilijua." Bi Tyra akageuza kufuli kiganjani. "Lakini niliwatazama wale majaji. Watu wamesoma, wamenyoosha mafaili yao. Nikasema, nchi yetu haifungi mtu hivi hivi. Kama hakufanya watajua wenyewe, hawahitaji mataulo yangu. Na walipomfunga, nikasema, basi kumbe kafanya. Maana wamesema wao. Labda alitoka kidogo nikiwa nakunja. Miaka mitatu kila nikilala najitahidi kumkumbuka akitoka mlangoni."

Msimcheke. Ngazi nzima iliwaza hivyo hivyo, tena bila hata kisingizio cha mataulo.

"Alitoka?" Majken aliuliza.

"Hakutoka. Alikuwa amelala chali chini ya mashine, miguu tu ndiyo inayoonekana, na anaimba. Vibaya mno."

Majken akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio pale pale, akaziba uso kwa kitambaa cha meza. "Ndiye huyo," alisema. "Ndiye Sixten wangu huyo."

Ylva peke yake hakulia wala hakucheka. "Utayasema haya kwa wakili?"

"Nitayasema."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Wanaweza kukushtaki," alisema Majken, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na hakujua kuwa vingine. "Ulikula kiapo."

"Jela siiogopi. Umri huu watanipa kitanda na supu." Bi Tyra akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Nawaogopa hawa wa hapa ngazini."

*

Jumatatu hakutokea. Wakili, mama mmoja mrefu aitwaye Rebecka Stenmark, aliweka viti vinne, kimoja kikabaki kitupu. Wakapiga simu kwa Bi Tyra, ikalia, ikalia.

"Nimeyaona haya," alisema wakili kwa upole. "Mtu anatubu vizuri sana juu ya kikombe cha kahawa. Akifika nyumbani anakumbuka ana jina."

"Si nikasimulie mimi alichoniambia?"

"Wewe ni mke. Watasema mke anamtetea mumewe. Bila yeye mwenyewe hatuna kesi, Majken. Tuna kufuli tu."

Kwenye basi la kurudi Ylva alitazama dirishani mpaka kituo chao. Wakati wa kushuka ndipo akasema, "Nilikwambia ummwagie kichwani," akageuza uso asionekane, na Majken akaona kwamba msichana huyu mkali bado ni mtoto anayemtaka baba yake. Akamshika mkono. Ylva hakuuchomoa.

Walipofungua mlango wa jengo wakasikia sauti kutoka chini. Kwetu watu hawajazani ngazini, labda nyumba iungue, kwa hiyo wakateremka mbio. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ujia wa chumba cha kufulia. Mbele yao alisimama Bi Tyra na aproni yake, gundi ya karatasi mkononi, na mlangoni kulikuwa na kibandiko kipya. Kalamu ya bluu, herufi kubwa kama siku zote.

JIONI ILE NILIKUWA HUMU NA KUFULI YA MAREHEMU ALGOT, NAFUA MATAULO YA SALUNI KWA PESA. SIXTEN BRODIN ALIKUWA NAMI MUDA WOTE. NILIWADANGANYA MAJAJI. TYRA KULLANDER, GHOROFA YA PILI.

Ilikuwa mara ya kwanza kibandiko kuwa na jina.

"Bi Tyra, jamani," Yngve alikuwa anasema, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mambo kama haya si ya kubandika mlangoni."

"Ya kubandika wapi? Ile robo saa ya Signe niliibandika hapa hapa."

Signe alikuwepo, mtoto kiunoni. Alisoma kibandiko mpaka mwisho. "Kwa sababu ya vile vitatu," alisema taratibu, "nilikuwa nafua nguo za mtoto kwenye beseni. Nilikuwa naogopa kushuka huku."

"Najua. Nilikuwa nakusikia ukimwaga maji."

Watu wakangoja Signe amlipue, na wengine, tuseme ukweli, walikuwa wanaomba amlipue. Signe akamhamisha mtoto upande wa pili. "Nipe ufunguo wako nikakuletee koti," alisema. "Utaendaje kwa wakili na aproni?"

Bi Tyra ndipo akamwona Majken. "Nimechelewa," alisema. "Nilivaa, nikafika mpaka mlango wa nje. Nikajua nikienda kule bila kuwaambia hawa kwanza, nitageuka tena. Nitasema televisheni tena. Sasa siwezi kugeuka, wameshasoma."

"Basi lijalo liko karibu," alisema Majken.

Wakapanda basi wanne, maana Signe naye aliamua kusindikiza, na mtoto akalala njia nzima juu ya koti la kanisani la Bi Tyra.

*

Mahakama hazina haraka hata zikiwa zenyewe ndizo zenye hatia. Mwenye saluni alihojiwa akakubali mataulo. Mahakama ya juu ikaamuru kesi isikilizwe upya, na Sixten akaachiwa angojee nyumbani. Kabla ya hapo, Majken alipompelekea habari ile ya kufuli kwenye chumba cha wageni cha gereza, Sixten aliomba airudie. Kisha akasema, "Miaka mitatu. Kwa mataulo," akacheka mpaka askari akageuka kumtazama, halafu akapiga ngumi mezani, halafu akaomba maji.

Majira ya vuli majaji wapya walisoma hukumu kwa dakika chache: hana hatia, aende zake. Aliyempiga Valfrid hajapatikana mpaka leo. Bi Tyra alishtakiwa kwa kiapo cha uongo akapewa kifungo cha nje. Alitoka mahakamani amenuna, akamwambia wakili wake kuwa wamempunguzia mno.

Na majirani? Kwetu samahani haisemwi. Inawekwa mlangoni ndani ya mfuko wa plastiki. Wiki ile ya kwanza Ylva alikuwa akifungua mlango anakuta uyoga, viazi, samaki wa kuvuta moshi, na jamu, jamu, jamu.

"Mama, tuna jamu ya miaka mitatu," alisema.

"Basi tutakula miaka mitatu," alisema Majken. "Leta kijiko."

Lakini Sixten hakuwa mtakatifu, na sitamfanya awe. Alirudi kakonda, anaamka akingoja mlango ufunguliwe na mtu mwingine. Akikutana na Bi Tyra ngazini alikuwa anatazama ukuta. Bi Tyra akajifunza kusikiliza mlangoni kabla ya kutoka, kama wengine walivyomfanyia Majken. Majken aliyaona yote mawili, hakuingilia. Kumsamehe mtu kwa niaba ya mumewe hakuweza.

Siku moja Majken alisimama mbele ya ubao ule mpya wa umeme akitafuta zamu. Hapa lazima nieleze kitu. Jumamosi asubuhi ndiyo zamu ya dhahabu. Watu wamehama jengo, wamekufa, hawajawahi kuipata, kwa sababu ilikuwa ya Bi Tyra tangu ubao wa kwanza. Majken akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena akidhani mashine imekosea. Jumamosi asubuhi, kila wiki: BRODIN.

Akapanda akamwambia Sixten. Sixten aliendelea kupaka mkate jamu. Ila Jumamosi ilipofika alibeba mwenyewe mfuko wa nguo, akasema hataki kusindikizwa. Hakuwa ameingia chumba kile tangu jioni ile.

Alipofika chini alimkuta Bi Tyra ujiani na kikapu kidogo, shuka moja na taulo mbili. Bi Tyra alishtuka, akageuka haraka kuelekea ngazi.

"Samahani. Nilidhani hamjashuka. Nilikuja tu kutazama kikaushio, kimeanza tena kugoma. Naondoka. Mimi sikuwa hapa."

Sixten akaweka mfuko chini. Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na kutazama huko kulimgharimu. Mkono mmoja aliukunja ngumi, akaukunjua.

"Kimeziba nyuzi?"

"Nadhani."

"Ulikisafisha?"

"Mimi nisisafishe? Mimi?" Bi Tyra alisahau kidogo kuwa na aibu, na Sixten nusura acheke.

Akamshikilia mlango. "Safari hii nimekuona, Bi Tyra," alisema. "Lete kikapu chako."

Akavua koti. Akalala chali, akajisukuma chini ya mashine mpaka ikabaki miguu tu, na baada ya kitambo akaanza kuimba, vibaya mno. Bi Tyra akavuta kigoda, akakiweka pale anapoiona vizuri ile miguu, akaketi.